Mia Moja Sitini na Nane

Joachim alifariki Jumanne ya pili ya mwezi Machi, saa nne asubuhi, kwenye uwanja wa kiwanda cha mbao mjini Mafinga. Alikuwa amekwenda kuchagua paini za kutengenezea milango, na rundo la magogo likaporomoka. Alikuwa na miaka arobaini na moja.

Mke wake, Eveline, saa hiyo alikuwa Mbeya, chuoni, akifundisha hisabati mwaka wa pili. Simu ilikuwa kwenye mkoba, ameizima sauti. Alipoitoa saa tano kasoro alikuta amepigiwa mara kumi na moja: mara tisa kutoka kwa mama mkwe wake, na mara mbili kutoka namba asiyoijua. Akaanza na ile asiyoijua. Mwanaume aliyepokea alimwambia, "Mama, wewe ndiye mke wa fundi Joachim? Kaa chini kwanza." Eveline akakaa kwenye dawati la mbele. Wanafunzi walikuwa wameshatoka. Ubaoni kulikuwa na mfano ambao hakuwa ameumaliza, na alipokwisha kusikia habari yote akasimama, akaumalizia, akafuta ubao, ndipo akaenda ofisini kuomba ruhusa.

Walikuwa wameoana miaka minane. Joachim alikuwa na karakana yake Mafinga, Eveline alikuwa mhadhiri msaidizi Mbeya, akiishi nyumba ya kupanga Ilomba, na kila Ijumaa ya pili mmoja wao alikuwa akipanda basi kumfuata mwenzake. Hawakujaliwa mtoto. Waliwahi kuhangaikia jambo hilo, baadaye wakaacha.

Msibani Eveline alikaa kwenye godoro sebuleni kwa mama mkwe, amejifunga kanga mbili, akawajibu watu wote waliompa pole. Alijibu vizuri, kwa sauti ya kawaida. Aliulizwa jeneza liwe la rangi gani, akasema sawa. Aliulizwa mazishi yawe Alhamisi au Ijumaa, akasema sawa, wakalazimika kumuuliza tena. Kaburini alitupia udongo wake, akapisha wengine. Siku ile ya mazishi Mama Severina, mama mkwe wake, alimwambia jirani kwa Kihehe kwamba huyu mkwe macho yake ni makavu kama ya mtu aliyekuja kununua kitu. Hakusema kwa kujificha. Eveline alizaliwa Iringa, Kihehe ndicho alichonyonya, na aliyasikia maneno yale yote. Alisubiri yamuume. Hayakumuuma.

Jioni, watu walipoanza kupungua, alikuja Mwalimu Tadeo. Ndiye aliyemfundisha Eveline hisabati sekondari, Iringa, na sasa alikuwa amestaafu, analima njegere na viazi kwao Kilolo. Alivaa koti zito la kahawia, kofia ameishika mkononi.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Pole. Pole sana." Akatoa bahasha ya kaki ndani ya koti. "Hii si ya leo. Usifungue leo. Utaifungua siku utakapoweza."

Eveline akaiweka kwenye mkoba, na akaisahau.

*

Alirudi Ilomba baada ya wiki mbili. Kazini kila kitu kilikuwa kimewekwa sawa, na aliyekiweka sawa alikuwa Dokta Lugano, msimamizi wa tasnifu yake ya uzamivu. Ndiye aliyeazima gari la chuo likawaleta wahadhiri wanane Mafinga. Ndiye aliyefundisha vipindi vyake vyote, akasahihisha hata majaribio. Alimpokea mlangoni mwa ofisi kwa mikono miwili.

"Ndaga, pole, mdogo wangu," alisema, kwa Kinyakyusa chake. "Utetezi wa tasnifu uko palepale, Julai. Ukitaka tusogeze, tutasogeza. Usijilazimishe."

"Tuuache palepale, dokta."

Tasnifu ilikuwa imekwisha. Sura yake kubwa ilikuwa imeshachapishwa mwaka uliotangulia katika jarida la nje, makala ya kurasa kumi na tisa, majina mawili juu: la kwake na la Dokta Lugano. Ilihusu makundi sahili. Watu wengi walimuuliza ni kitu gani, naye akazoea kujibu kwa ufupi wakaridhika. Aliyekataa kuridhika alikuwa Joachim. Siku moja karakanani, alipokuwa akichonga mfuniko wa mraba wa kufunika tundu la dari, alimwambia amweleze kwa kitu kinachoonekana. Eveline akauchukua ule mfuniko.

"Huu unaweza kuutoa kwenye tundu lake na kuurudisha kwa njia ngapi, ukakaa vilevile?"

Joachim akaugeuza, akaupindua, akahesabu. "Nane. Nne ukiwa hivi, nne ukiwa kinyumenyume."

"Hizo nane ndizo kundi. Ukifanya moja ukafuatisha nyingine, unapata mojawapo ya zilezile nane. Na unaweza daima kurudi ulikoanzia. Sasa makundi mengi yana kundi dogo ndani yake, na ukilitazama vizuri unaweza kulivunja lile kubwa likawa vipande viwili vidogo. Mengine hayavunjiki kabisa, ni kama namba tasa. Hayo ndiyo sahili."

"Yasiyovunjika ndiyo mnayaita sahili, yaani rahisi?"

"Ndiyo."

"Basi nyie mmechanganyikiwa," Joachim alisema, na wote wawili wakacheka hadi jirani akachungulia.

Hayo aliyakumbuka Aprili, barabarani akienda kazini. Aliyakumbuka vizuri, hata harufu ya gundi. Akaendelea kutembea. Alikuwa akilala vizuri, akila akikumbuka, akifundisha bila kukosea. Wenzake walimsifu kwamba ana moyo mgumu. Mwenyewe aliona kama amevaa glavu mwili mzima. Alikuwa akigusa vitu na kujua ni nini, basi.

*

Bahasha aliifungua Jumamosi moja mwishoni mwa Aprili, asubuhi, alipokuwa akimwaga vitu vya mkoba mezani atafute kalamu. Alidhani ni barua ya rambirambi. Ndani kulikuwa na kurasa tisa za karatasi ya miraba, zimejazwa kwa penseli, mwandiko uleule uliokuwa ubaoni miaka ishirini nyuma. Tarehe ya juu ilikuwa ya siku nane kabla ya kifo cha Joachim.

Mwalimu Tadeo aliandika kwamba ameisoma makala ambayo Eveline alimpelekea kwa mkono wa dada yake, polepole, kwa miezi mitatu, akisaidiwa na kitabu chake cha chuo cha mwaka themanini na moja. Kwamba ameifurahia. Kwamba amekwama mahali pamoja, kwenye namba saba, na anaomba aonyeshwe alipokosea.

Makala ilidai hivi: chukua namba tasa yoyote kuanzia saba kwenda juu. Ukiambiwa mambo mawili tu kuhusu kundi, yaani lina memba wangapi, kama zile njia nane za mfuniko, na wangapi kati yao ukiwarudiarudia wanarudi mwanzo baada ya hatua zinazolingana na ile namba tasa, basi utajua ni kundi lipi hasa, na utajua kuwa ni sahili. Kwa saba, memba ni mia moja sitini na nane, na wanaorudi baada ya hatua saba ni arobaini na nane. Kundi sahili la namna hiyo lipo na linajulikana miaka mingi.

Mwalimu Tadeo alikuwa amepata lingine. Alianza na kundi la memba hamsini na sita: mmoja asiyefanya kitu, saba wanaorudi baada ya hatua mbili, na arobaini na nane wanaorudi baada ya hatua saba. Akaliunganisha na kundi dogo la watatu. Hamsini na sita mara tatu, mia moja sitini na nane. Wa hatua saba walibaki walewale arobaini na nane. Na kundi hili halikuwa sahili hata kidogo. Alilijenga mwenyewe kwa vipande viwili, na vipande vilionekana.

"Nimekosea wapi?" aliandika chini ya ukurasa wa tisa, akapigia mstari.

Eveline alikaa. Akachukua karatasi, akaijaribu hesabu ile kwa njia yake. Akaijaribu kwa njia ya pili. Dakika arobaini hivi. Mwalimu hakuwa amekosea popote.

Akafungua makala yao ukurasa wa sita. Kuhusu namba saba waliandika mstari mmoja tu, kwamba jambo hilo lilithibitishwa zamani. Kumi na moja, kumi na tatu na kumi na saba walizipima kwa kompyuta. Saba hawakuigusa. Na ni kweli lilithibitishwa zamani, ila waliothibitisha zamani walianza na kundi ambalo tayari ni sahili, wakaonyesha kwamba liko moja tu. Makala yao haikuwa imesema kundi ni sahili. Hilo ndilo ilikuwa inataka kulionyesha. Kila kilichofuata baada ya ukurasa wa sita kiliegemea hapo.

Miaka minne ya kazi. Alitazama ule mstari, akangoja hofu imjie, kama zamani alipokosa alama. Haikuja. Akaosha vyombo, akaanika nguo.

*

Jumatatu alimpelekea Dokta Lugano zile kurasa tisa. Hakuhitaji kumweleza. Dokta alisoma akiwa amesimama, akafika ukurasa wa nne, akakaa.

"Nani mwingine anajua?"

"Mwalimu aliyeandika. Naye anadhani kakosea yeye."

Dokta Lugano akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya tai, akaivaa tena. Alikuwa mtu wa miaka hamsini na mitano, mzee wa kanisa, na faili lake la kupandishwa kuwa profesa mshiriki lilikuwa linakwenda mbele ya kamati mwezi Juni. Makala tano zilihitajika. Alikuwa nazo tano, na hii ilikuwa mojawapo.

"Eveline, siombi tudanganye. Nielewe hapo. Naomba tusubiri. Juni ipite, Julai utetee, halafu tukae mimi na wewe tuandike masahihisho kwa utulivu. Hakuna daraja litakaloanguka kwa sababu ya namba saba."

"Sawa, dokta."

Alipofika nje, chini ya mikaratusi, akasikia lile "sawa" lake. Lilikuwa lilelile la jeneza. Tangu Machi alikuwa amelisema kwa kila mtu aliyemuuliza chochote, na hakuweza kukumbuka hata mara moja ambapo alikuwa amefikiri kwanza.

Alhamisi ile alipanda basi la asubuhi la Iringa. Lilisimama Mafinga dakika kumi abiria wanunue mahindi ya kuchoma. Alikaa kwenye kiti chake upande wa dirishani akatazama malori ya mbao yakipita. Hakushuka. Iringa akalala kwa dada yake, na kesho yake akapanda Kilolo.

Mwalimu Tadeo alikuwa shambani. Alikuja akipangusa udongo mikononi, akashtuka kumwona, akamsalimia kwa Kihehe.

"Kamwene, mwanangu! Hata simu hukupiga?"

"Nimefungua bahasha, mwalimu."

Akamkaribisha ndani. Kwenye meza ya kulia kulikuwa na kaunta buku tatu na kile kitabu cha mwaka themanini na moja, jalada limebandikwa kwa gundi. Kabla Eveline hajasema neno, mzee alianza kujitetea. Alisema karatasi zile alishaziandika kabla, akawa hana anwani ya kuzituma. Aliposikia msiba akazichukua tu, akijua msibani atamkuta, na alipofika kwenye ule mlango akajiona mtu mjinga, mtu anakwenda kuzika yeye ana hesabu mfukoni. "Nilitaka nirudi nazo. Sijui kwa nini nilikupa. Nisamehe."

"Hujakosea, mwalimu."

"Nimekosea. Mtu ana msiba..."

"Kwenye hesabu. Hujakosea popote. Tumekosea sisi."

Mwalimu Tadeo hakufurahi. Akavuta kiti, akakaa polepole, akaangalia zile kurasa zake kama zimeletwa na mtu mwingine.

"Nimefundisha kidato cha nne miaka thelathini na tano," alisema. "Nilijua wewe utanionyesha. Nilikuwa nangoja unionyeshe." Kisha akauliza, "Sasa inakuwaje?"

"Dokta anasema tusubiri hadi Julai ipite."

"Na wewe unasemaje?"

"Mimi sisikii kitu, mwalimu. Sioni aibu, siogopi. Hata Joachim sijamlilia. Watu wanadhani najikaza, sijikazi. Hakuna kitu cha kukaza."

Mzee alimtazama. Eveline alingoja maneno ya kumfariji, yale ambayo kila mtu alikuwa nayo tayari, na akajiandaa kuyashukuru. Mwalimu Tadeo akafungua kaunta buku ukurasa mpya, akauweka katikati yao, akampa penseli.

"Mimi niliishia saba," alisema. "Hebu tuone thelathini na moja inakwendaje. Kompyuta yenu haikufika huko."

Wakaifanya thelathini na moja. Thelathini na mbili mara thelathini na moja, kisha mara kumi na tano, memba elfu kumi na nne mia nane themanini. Ilivunjika vilevile kama saba. Wakajaribu kumi na tisa, ikasimama imara. Ishirini na tatu, imara. Mke wa mwalimu akaleta chai na viazi vya kuchemsha, akaondoka bila kuuliza. Wakabishana kuhusu ishara moja, na mwalimu akawa ndiye aliyekuwa sahihi. Ilipofika saa tisa walikuwa na namba zilizokataa, zimeandikwa pembeni: saba, thelathini na moja, mia moja ishirini na saba.

"Ongeza moja," mwalimu alisema.

"Nane. Thelathini na mbili. Mia moja ishirini na nane."

"Mbili mara mbili mara mbili. Zote ni za mbili tupu."

Eveline akaangalia. Hiyo ndiyo ilikuwa siri. Pale ambapo namba tasa ni pungufu kwa moja tu ya namba iliyojengwa kwa mbili peke yake, palikuwa na nafasi ya lile kundi bandia kuingia. Penginepo pote hapakuwa na nafasi. Dai lao lilikuwa la kweli, likiondolewa namba hizo. Kuthibitisha itachukua miezi, lakini njia aliiona mpaka mwisho. Alijua kwamba mwaka jana angepiga kelele. Alikunywa chai iliyokuwa imepoa, akaandika njia yote kurasa mbili ili asiisahau.

*

Kurudi, alishuka Mafinga. Mama Severina alikuwa uani anachambua maharage, hakunyanyuka.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Juzi umepita hapa kwenye basi. Umeonekana, umekaa dirishani."

"Ni kweli mama. Nilikuwa nakwenda Kilolo."

"Hukushuka hata kuniambia habari."

"Sikushuka. Nisamehe."

Mama Severina akaendelea kuchambua. Mawe madogo aliyatupa upande, yakagonga bati. "Nikuulize kitu, na unijibu kama mtu mzima. Mwanangu ulimpenda?"

"Ndiyo."

"Mbona hujamlilia?"

"Sijui, mama. Ningeweza ningelia. Kila siku naamka nasema leo. Haiji."

Yule mama akamwangalia usoni, mara ya kwanza tangu mazishi, muda mrefu, kama anatafuta uongo. Mwisho akasogeza ungo upande.

"Kaa basi, unisaidie," alisema. "Haya ni mengi."

Walichambua hadi jua likazama nyuma ya miti ya paini. Eveline akalala palepale, akala alichopewa, ugali na majani ya maboga, na asubuhi mama mkwe akamfungia maharage kilo tatu kwenye mfuko wa rambo. Bado alikuwa na hasira naye. Mtu yeyote angeiona. Lakini alimsindikiza hadi stendi.

*

"Nitawaandikia jarida Jumatatu," Eveline alimwambia Dokta Lugano.

Alikuwa amefunga mlango. Dokta aliweka kalamu chini.

"Tulikubaliana."

"Nilisema sawa bila kufikiri. Sasa nimefikiri."

"Jina langu liko pale. Ukiandika peke yako, wataniuliza mimi nilikuwa wapi." Sauti yake ilikuwa ya chini, na ndiyo iliyoonyesha alivyokasirika. "Mimi nimekubeba, Eveline. Siyataji ya msiba, hayo ni ya kibinadamu. Nasema miaka minne. Na leo hii unataka kunimaliza wiki tano kabla ya kamati, kwa kitu ambacho hakuna mtu duniani amekiona isipokuwa mzee mmoja wa Kilolo."

"Ameshakiona, dokta."

"Wewe hauko sawa. Mwenye msiba hafanyi maamuzi makubwa, hata kanisani tunasema. Ungekuwa Eveline yule wa mwaka jana, ungeogopa. Ungeniambia tusubiri wewe mwenyewe."

Eveline akalifikiria hilo, maana lilikuwa la kweli. Yule wa mwaka jana alikuwa na mume wa kumpigia simu jioni na kumwambia amepata cheo. Alikuwa na mengi ya kuogopa.

"Inawezekana," alisema. "Lakini makosa yapo, na nimeona namna ya kurekebisha. Nimekuletea." Akaziweka kurasa mbili mezani. "Ningependa tuandike wote wawili."

Dokta Lugano hakuzigusa. Alitazama dirishani, ambako wanafunzi walikuwa wanacheza wavu.

"Ule mstari wa ukurasa wa sita," alisema baadaye, "niliuandika mimi. Wewe uliacha nafasi, ukaandika kwamba saba bado. Unakumbuka? Mimi nikajaza."

"Nakumbuka."

"Hukuutaja Jumatatu ile."

"Niliusoma mara arobaini baada ya wewe kujaza. Nami sikuona kosa."

Eveline akaziacha kurasa mezani, akaondoka. Jumatatu hakuwahi kuandika, kwa sababu alipofungua kompyuta saa mbili asubuhi alikuta barua imeshakwenda. Dokta Lugano alikuwa amewaandikia jarida, nakala kwake na kwa mwenyekiti wa kamati. Aya tatu. Kosa liko ukurasa wa sita, liliandikwa na yeye, masahihisho yatatumwa. Hakusema liligunduliwa na nani. Eveline akamjibu kwa mstari mmoja, akiomba jina la mwalimu liwekwe, na baada ya siku mbili dokta akajibu kwa neno moja: liwekwe.

Kamati ilimrudishia faili. Aliambiwa aombe upya akipata makala nyingine. Utetezi wa Eveline uliahirishwa, kwanza hadi Novemba, kisha hadi Februari, maana mtahini wa nje alitaka kuona uthibitisho mpya. Dokta aliendelea kumsimamia. Alisoma kila rasimu, akaisahihisha vizuri kuliko zamani, akairudisha na wino mwekundu pembeni. Ila hakumwita tena mdogo wangu. Alimwita Bi Eveline, na wakikutana korido alimsalimia, akapita.

Masahihisho yalichapishwa Desemba, kurasa nne, na mwishoni shukrani kwa T. Kaduma wa Kilolo, Tanzania. Eveline aliupiga picha ukurasa huo akamtumia Mwalimu Tadeo. Jibu lake lilikuja kesho yake: "Nimeona. Nimemwonyesha mke wangu. Amesema mbona jina hawakuandika lote."

Februari alitetea. Aliulizwa maswali saa mbili na nusu, akayajibu. Walipomwambia amefaulu, wenzake wakapiga makofi, mmoja akapiga vigelegele, wakamvisha taji la maua ya plastiki. Dokta Lugano alimpa mkono mbele ya watu wote, akaushika kidogo kupita ilivyohitajika. "Kazi nzuri," alisema. "Kweli ni nzuri." Eveline akamshukuru. Kabla hajaongeza kitu, dokta akaitwa kwenye picha.

Miezi michache baadaye, wiki ya mahindi kukauka, mama mkwe alipiga simu. Hakuuliza mambo ya chuo. "Mahindi yako ndani," alisema. "Mimi mikono inauma."

Jumamosi Eveline alikwenda. Walikaa kwenye mkeka wakipukuchua, gunia la pili liko nusu. Mama Severina alianza kusema, bila kuulizwa, jinsi Joachim alivyopanda juu ya dari ya kanisa akiwa mtoto akashindwa kushuka, wazee wakaacha ibada wakatafuta ngazi kijiji kizima.

"Hakuwahi kuniambia," Eveline alisema.

"Aibu. Alikojoa huko juu."

"Alikuwa na miaka mingapi?"

"Saba. Hapana, sita. Alikuwa hajaanza shule."

"Ngazi waliipata wapi?"

Mama Severina akaacha kupukuchua, akainua uso kukumbuka, akaanza kumweleza.